Kabila la Mwandishi

Jumamosi alasiri, wanaume wa reli wakiwa wameshaoga na wanawake wamemaliza kufua, watu wa Bondeni, mtaa wa Waafrika mjini Nakuru, walikuwa wakienda ukumbini kumsikiliza Cheptanui akisoma. Huo ulikuwa mwaka wa hamsini na nne, Hali ya Hatari imepamba moto, Wakikuyu wakisakwa kwa kiapo cha kuipinga serikali, na hapakuwa na mengi ya kumtoa mtu nyumbani. Densi ilikuwa imepigwa marufuku. Mikutano vilevile. Kusoma kitabu kwa sauti hakukukatazwa, kwa sababu hakuna aliyekuwa amefikiria kukukataza.

Cheptanui alikuwa Mkipsigis, mke wa Kipketer, fundi wa injini za gari la moshi ambaye siku nyingi alikuwa safarini. Alijifunza kusoma misheni, upande wa Kericho, akiwa msichana. Sauti yake ilikuwa nzito kuliko ya wanawake wengi, na hakuwa mpole. Majirani, waliomwita Mama Zeddy, walisema akifika mahali mtu anapoonewa kwenye hadithi, anasoma kana kwamba aliyeonewa ni yeye.

Kitabu walichokuwa nacho msimu ule kiliitwa *Ukungu wa Kuresoi*. Kilisimulia habari za familia za masikwota waliolima pareto kwenye shamba la mzungu kule juu, mpaka mzungu akaamua kwamba mbuzi wao wamezidi na kwamba wahame. Cheptanui hakuwa na desturi ya kutaja nani ameandika. Alifungua mahali alipoachia, akakohoa, akaanza. Watu walitaka kujua habari za bibi kizee Gathoni, si habari za jalada.

Jumamosi ya mwisho alikuwa ameachia pabaya. Nyumba za masikwota zilikuwa zichomwe moto asubuhi ile, na Gathoni alikuwa amejifungia ndani ya yake, akasema hatoki. Cheptanui akafunga kitabu. Kiptanui, dereva wa trekta kwenye mashamba ya ngano ya Njoro, aliyekuja kila wiki kwa baiskeli, aliinuka akiwa na machozi wala hakuyaficha.

"Mama Zeddy, huwezi kutuacha hapa," alisema.

"Sauti imeisha, mzee. Jumamosi."

Katikati ya wiki Makokha alipiga hodi nyumbani kwake. Makokha ndiye aliyeajiriwa kutunza ukumbi, mtu wa Bungoma, suruali yake siku zote imepigwa pasi. Hakukaa alipokaribishwa.

"Nimekuja kuchukua kile kitabu."

"Sijakimaliza."

"Hutakimaliza. Aliyekiandika ni Mkikuyu. Vitabu vyote vya Wakikuyu nimevitoa kwenye kabati."

"Jina lake liko hapo juu tangu siku uliyokiweka kabatini wewe mwenyewe. Umejua kusoma leo?"

"Usinitukane, Mama Zeddy. Si hiki peke yake. Hata kile cha kufuga kuku nimekitoa."

"Kuku nao wamekula kiapo?"

Makokha alitazama mlangoni kabla ya kujibu. "Maneno kama hayo ndiyo yanayofungisha watu."

"Nani ametoa amri?"

"Serikali."

"Nakuuliza nani. Ni nani aliyefungua kinywa akakuambia, Makokha, toa vitabu vya Wakikuyu?"

Makokha alikung'uta suruali yake. Kisha akasema polepole, kama mtu anayemweleza mtoto, "Mambo kama haya mtu hangoji kuambiwa. Ukingoja kuambiwa umeshachelewa. Mimi nina watoto."

Hapo ndipo Cheptanui alipopandwa na hasira hasa. Amri ya mkubwa angeweza kuielewa. Alikuwa ameishi chini ya amri maisha yake yote, ya baba, ya misheni, ya reli. Lakini hii haikuwa na mwenyewe. Mtu mmoja alikuwa ameketi peke yake ukumbini, akahisi baridi, akajitungia amri kisha akaitii.

"Kitabu kiko kwangu na hakitoki," alisema. "Nitakwenda kumuuliza huyo unayemwita serikali."

"Usiende."

"Kwa nini nisiende, kama amri ni yake?"

Makokha aligeuka akatoka. Alipofika nje alirudi hatua mbili, akasema kwa sauti ya chini, "Mama Zeddy, nakuomba. Niachie mimi. Baada ya miezi michache, mambo yakitulia, nitakirudisha kabatini wala hakuna atakayejua." Cheptanui akamfungia mlango.

Kesho yake alijifunga kitambaa cha kanisani akaenda mjini, kwenye ofisi ya mzungu aliyesimamia mambo ya ustawi wa Waafrika. Alingoja kwenye benchi pamoja na watu waliokuja kuomba vyumba. Alipoitwa, alisimama mbele ya meza akaeleza yote bila kupunguza: ukumbi, kitabu, Makokha, kabati. Mzungu alikuwa kijana mwenye ngozi iliyobabuka juani. Alimsikiliza kwa makini, jambo ambalo Cheptanui hakulitarajia.

"Mimi hapana toa amri kama hii," alisema mzungu. "Hii kitabu mimi hapana jua kabisa."

Cheptanui alihisi kifua kikifunguka. Alianza kusema ahsante.

"Ngoja. Andika nani?"

"Imeandikwa Hezekia Thumbi."

"Kikuyu?"

"Ndiyo, bwana. Lakini ni hadithi tu. Ni habari ya bibi mzee na nyumba yake."

Mzungu aliandika jina kwenye karatasi, akalitazama. Halafu akatabasamu, si kwa ubaya, kama mtu aliyekumbushwa jambo dogo alilolisahau.

"Hii Makokha iko na akili. Mimi ilipasa fikiri hii mbele yake." Akaita karani wake. "Basi, kutoka leo ni amri. Ukumbi yote, si Bondeni peke yake. Hapana soma kitabu ya Kikuyu. Wewe lete hii kitabu kwa Makokha kesho. Asante sana, mama, wewe nasaidia sisi."

Kutoka ofisini mpaka Bondeni si mbali, lakini Cheptanui alitembea kama aliyebeba gunia la mahindi. Aliyaona maneno yale yakimfuata: wewe nasaidia sisi. Alikwenda kuua nyoka, akamwonyesha njia ya kuingia ndani. Habari ilikuwa imefika kabla yake, maana karani yule naye alikaa Bondeni na alikuwa amepita kwa baiskeli, amri mkononi, akianzia kwa askari.

Wamaitha alikuwa amesimama mlangoni pa Cheptanui. Alikuwa mwanamke Mkikuyu aliyeuza mboga sokoni, mume wake mpishi wa mzungu mmoja mjini, na kwa sababu hiyo walikuwa wameachwa Nakuru wakati wenzao wengi walipopakiwa kwenye malori na kupelekwa rizavu, maeneo waliyotengewa Wakikuyu. Ukumbini alikaa siku zote karibu na mlango, mtoto mgongoni, wala hakuna aliyewahi kusikia maoni yake juu ya hadithi.

"Nani alikutuma?" aliuliza, hata salamu hakutoa.

"Ingia kwanza."

"Nauliza nani alikutuma uende kwa mzungu kutaja vitabu vya Wakikuyu."

"Nilikwenda kuwatetea. Makokha alikuwa anawaonea."

"Umetutetea sisi, au umetetea hadithi yako?" Wamaitha aliingia, akasimama katikati ya chumba. "Wewe umesema yako ukarudi kunywa chai. Jina lako ni Cheptanui, nani atakusimamisha njiani akuulize pasibuku kama sisi? Leo askari wamesimama sokoni wanauliza nani kati yetu anakwenda kusikiliza vitabu. Makokha alikuwa mwoga, ndiyo. Mwoga angesahau. Sasa ni amri, na amri haisahau."

Cheptanui alifungua kitambaa chake cha kanisani. Akaketi kitandani.

Wamaitha alimwangalia. Sauti yake ilipungua, lakini haikulainika. "Na jambo lingine. Wanasema aliyekiandika ni Thumbi. Ni kweli? Hezekia Thumbi aliyekuwa mwalimu kule Molo?"

"Ndivyo kilivyoandikwa."

"Wiki zote hizi nimekaa pale namsikiliza Thumbi, na hukutuambia."

"Unamfahamu?"

"Anakaa kwenye kambi ya mchujo, wanakohojiwa Wakikuyu. Si nyuma ya waya. Mezani, karibu na mzungu, amevaa koti. Kaka yangu alipopelekwa kuulizwa nilikuwa nimesimama kwenye mstari wa wanawake, nikaona kwa macho yangu. Wengine wanaochongea watu huvishwa magunia nyuso zisionekane. Yeye hakuvaa gunia. Aliongea na kaka yangu taratibu, kwa lugha yetu, akamwita mtoto wa mama. Akamwambia, sema tu, utakwenda nyumbani. Kaka akasema aliyokuwa nayo, mambo madogo. Thumbi akageuka akamtafsiria mzungu. Sijui alitafsiri nini. Kaka alipakiwa siku hiyohiyo, mpaka leo hatujui yuko kizuizini wapi."

Cheptanui aliinua mto akakitoa kitabu. Alikitazama kama mtu anayetazama sahani baada ya kuambiwa nyama ilikuwa ya nini. Tangu jana yake alikuwa akiwagombeza watu kwa ajili ya kitabu kile. Alikuwa amefikiri aliyekiandika ni mtu anayelala njaa mahali fulani kwa sababu ya kusema kweli. Akainuka, akaenda moja kwa moja kwenye jiko la makaa lililokuwa likiwaka mlango wa nyuma.

Wamaitha alimshika mkono.

"Weka chini."

"Nikiweke cha nini? Wewe mwenyewe umesema."

"Ukikichoma unamfanyia mzungu kazi. Nataka unisomee kilichobaki."

"Nikusomee maneno ya mtu huyo?"

"Nataka kujua alikuwa anajua nini," alisema Wamaitha. "Nisomee."

Nyumba ya Cheptanui ilitazamana na kibanda cha askari, kwa hiyo walivuka ua wakaingia kwa Bi Nuria. Bi Nuria alikuwa mjane, wazee wake walitoka pwani na misafara ya zamani, naye aliishi kwa kushona. Walipomweleza walichotaka hakuuliza mengi. Alisogeza kiti chake kwenye cherehani, akaanza kukanyaga bila kitambaa, ili anayepita nje asikie mashine tu.

Cheptanui alisoma kwa sauti ya chini ambayo hakuizoea. Mwanzoni maneno yalimkwama. Kila sentensi nzuri ilimuudhi, na zilikuwa nyingi. Alisoma jinsi ukungu ulivyokuwa umetanda juu ya pareto asubuhi ile. Alisoma jinsi mzungu alivyokaa kwenye gari lake akingoja, kwa sababu hakutaka kuonekana amechoma nyumba na mwanamke ndani. Halafu akafika mahali ambapo karani wa shamba, kijana wa watu wao, aliyezijua familia zote kwa majina na mbuzi wote kwa rangi, anaukaribia mlango wa Gathoni.

*Alimwita mama. Alisema kwa upole, kwa lugha waliyonyonya wote wawili, kwamba mzungu amebadili nia na kwamba anaweza kubaki, ila atoke nje amsalimie. Bibi akatoka akiwa na furaha, mkono mmoja umeshika ukuta. Karani akainua kofia yake, na hiyo ndiyo ilikuwa ishara. Hakugeuka kuutazama moto. Alikuwa akiifuta kalamu yake.*

Cherehani ilisimama. Bi Nuria alikuwa amesahau kukanyaga.

"Rudia," alisema Wamaitha.

Cheptanui akarudia. Safari hii hakupunguza sauti, na Bi Nuria akaharakisha kukanyaga tena.

"Kitabu hiki kiliandikwa lini?"

Cheptanui alifunua mwanzo. "Kimepigwa chapa mwaka wa hamsini na moja."

"Kabla ya Hatari." Wamaitha alikuwa amemtoa mtoto mgongoni, amemlaza mapajani, lakini hakumtazama. "Basi hawezi kuniambia alidanganywa. Hawezi kuniambia hakujua sauti ya namna ile inafanya nini kwa mtu. Aliitunga mwenyewe. Aliketi mezani kwake, na taa yake na chai yake, akamwandika mtu mbaya kuliko wote aliowahi kumwona, kisha akaenda akawa huyo."

Hakulia. Cheptanui alisoma kurasa zilizobaki mpaka mwisho. Gathoni alikufia njiani, na mwanawe akapata kazi kwenye shamba jingine ambako nako waliambiwa wapunguze mbuzi. Hakuna aliyefarijika.

"Sasa niambieni," alisema Bi Nuria, "kitabu ni kizuri au kibaya?"

"Ni kizuri," alisema Cheptanui. "Ndiyo maana ningetaka kumkaba koo."

Wamaitha alinyoosha mkono akakichukua. Hakujua kusoma, kwa hiyo aliuliza ukurasa wa karani ni upi. Cheptanui akamwonyesha. Wamaitha akaurarua, taratibu, kutoka juu mpaka chini. Cheptanui alikuwa mtu ambaye hajawahi kukunja hata pembe ya kitabu, lakini alimwacha. Wamaitha akaukunja ule ukurasa mpaka ukawa mdogo kama kidole, akaushindilia kwenye pindo la kanga aliyombebea mtoto. Bi Nuria akaomba kanga, akaweka uzi kwenye sindano, akalishona lile pindo.

"Vita hivi vitakwisha," alisema Wamaitha. "Vikiisha atakuja kwetu anatafuta jina jipya. Atasema yeye ni mwandishi, alituonea huruma. Nitatafuta mtu wa kumsomea hiki mbele ya watu."

Kesho yake Cheptanui alimpelekea Makokha kitabu. Makokha alikipokea kwa mikono miwili, akakipekua haraka.

"Kuna ukurasa umeraruka."

"Andika kwenye ripoti. Wewe huhitaji kuambiwa."

Makokha hakuandika. Labda aliona haya, labda aliogopa kuulizwa kwa nini kitabu kilikuwa nje siku zote hizo. Cheptanui hakutaka kujua. Alimwambia kwamba hatasoma tena pale, akaondoka.

Baada ya hapo mambo yalikwenda kama Wamaitha alivyosema. Askari waliendelea kuuliza sokoni. Kabla ya mvua za masika, mzungu aliyemwajiri mume wake aliambiwa hawezi kuendelea kuwa na mpishi Mkikuyu, na familia ile ikapewa siku ya kuhama. Cheptanui alikwenda mahali lori lilipokuwa likipakia. Hawakukumbatiana. Wamaitha alimwambia tu kwamba hakumsamehe ile safari ya ofisini, ila kwa kumsomea alimshukuru, na kwamba mambo hayo ni mawili tofauti, asiyachanganye. Cheptanui akasema hatayachanganya. Lori liliondoka likiacha vumbi la magadi ya ziwani, na kila aliyekuwa amesimama pale akafuta macho akasingizia vumbi.

Miezi ikapita, ukumbi mtupu. Makokha ndiye aliyerudi kupiga hodi. Safari hii alikubali kukaa. Alisema vitabu vipya vimeletwa, vimepita ofisini, kila kimoja kimegongwa muhuri, na kwamba watu wanamuulizia Cheptanui. Alisema ukumbi usiokuwa na watu utafungwa, naye atakosa kazi. Lilikuwa jambo la kweli na alilisema bila kujificha. Kipketer, aliyekuwa nyumbani siku ile, akasema, "Nenda, mama. Unakaa hapa unagombana na sufuria." Cheptanui akakubali, kwa sababu alikuwa amekosa kusoma kama mtu anavyokosa chumvi.

Jumamosi walikuja wengi. Kiptanui alikuja na baiskeli yake kutoka Njoro, akakaa mstari wa mbele. Karibu na mlango palikaa watu wengine. Makokha alimkabidhi Cheptanui kitabu chenye jalada la kijani, hadithi ya mtu aliyesafiri kutafuta mke. Alipitisha macho kwenye mistari ya mwanzo akaona si mbaya. Mwandishi alijua kucheka. Akakohoa.

Kiptanui aliinua mkono.

"Mama Zeddy, kabla hujaanza. Aliyeandika ni wa kabila gani?"

Hakuuliza kwa ubaya. Aliuliza kama mtu anavyouliza kama maji yamechemshwa. Na Cheptanui alipoangalia nyuma ya Kiptanui aliona wengine wanangoja jibu, wanaume kwa wanawake, Mluo kwa Mkamba, kila mmoja ameshainua masikio kujua kama hadithi ile ni yake au si yake.

"Ulipomlilia bibi Gathoni," alisema Cheptanui, "hukuniuliza."

"Wakati ule sikujua inatakiwa kuuliza," alisema Kiptanui. "Hata mzungu wangu aliniambia, Kiptanui, uwe unauliza kwanza."

"Na nikikuambia ni Mkipsigis kama wewe?"

Uso wa Kiptanui ulichangamka. "Basi nitakaa."

"Nikikuambia ni Mkikuyu?"

"Nitachukua baiskeli yangu. Si kwa ubaya."

"Na akiwa ni mtu mwongo, mwizi, aliyeuza ndugu zake, lakini ni wa kwenu?"

Kiptanui alifikiri kwa dhati. Alikuwa mtu mwema, na swali lilimpa taabu. "Hilo sijaambiwa niulize," akasema.

Cheptanui aligeuka kumtazama Makokha. Makokha alikuwa ameinamisha kichwa, anaondoa uzi kwenye mkono wa shati lake.

"Umefungua shule, Bwana Makokha," alimwambia. "Na wamefaulu wote."

Aliweka kitabu cha kijani juu ya meza bila kukipiga chini, maana hakikuwa na kosa, wala yule aliyekiandika, ambaye kabila lake Cheptanui hakulijua wala hakulitazama. Akapita katikati ya mabenchi. Hakuna aliyemzuia. Alipofika nje alisikia Kiptanui akiuliza, "Sasa nani atasoma?" na mtu mwingine akijibu kwamba ni afadhali Makokha asome, yeye anajua lipi linaruhusiwa.

Nyumbani Kipketer alimuuliza mbona amerudi mapema. Cheptanui aliteka maji, akainjika sufuria, akamwaga unga na kuanza kusonga, akisonga kwa mikono miwili huku amekaza meno, mpaka mwiko ukavunjika katikati. Kipketer alitazama kipande kilichosimama ndani ya ugali. Akainuka, akatafuta kijiko kikubwa, akampa amalizie kusonga, kisha wakala.